Fasihi Ilikuwa Nyumbani

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Siku ya kwanza kabisa mhadhiri alituuliza: fasihi ni nini? Nikajibu Shakespeare. Ayeeyo, nyanya yangu wa Masalani kule Ijara, hutunga buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, na harusini huyaghani bila karatasi. Sikumtaja. Niliona haya.

Kumbe Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walishaandika waraka pale Chuo Kikuu, Nairobi: Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwe kitovu, na simulizi isomwe kwa uzito.

Cheti sina. Juzi nilimrekodi ayeeyo kwa simu. Akacheka: "Sasa ndio umeanza kusoma?"