Suftaja na Sarafu za Msafiri

Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita Uchindile kuelekea Zambia. Anayepanda hapo na shilingi hana budi kuzibadili kwa kwacha, naye hukabiliwa na maswali mawili: azibebe vipi fedha zake, na azibadili vipi?

La kwanza ni la kale. Imepokewa kuwa Abdullah bin Zubeir (r.a.) alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akiwaandikia barua kwa nduguye Mus'ab aliyekuwa Iraq, wakalipwa huko. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa hakuona ubaya. Wanazuoni waliiita barua hiyo suftaja. Wengi, wakiwamo Mashafii, walikataza kuishurutisha, kwa kuwa ni mkopo unaomnufaisha mkopeshaji kwa kumwepusha na hatari za njia. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) aliijuzisha: wote wawili wananufaika, wala hakuna anayedhulumiwa.

La pili halina wasaa huo. Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) yaruhusu jinsi mbili tofauti zizidiane, kwa sharti la kupokezana mkono kwa mkono. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Amman, lilipitisha kuwa noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Basi kutoa shilingi leo kwa ahadi ya kwacha kesho ni riba ya nasia, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Ndugu msafiri, usibanduke pale ulipotoa chako mpaka umeshika cha mwenzio. Wallahu a'alam.