Machipukizi ya bure na migomba ya chupa

Kwetu, toka Butembo mpaka Beni, kijana aliyejenga nyumba hakwenda sokoni kununua mbegu ya ndizi. Alipita kwa baba mdogo, kwa shemeji ao kwa jirani, akapewa machipukizi bure. Ndiyo maana kila mgomba ulijulikana umetoka kwa nani. Na kasiksi ya arusi ilitoka humo humo.

Mwaka 2001 ugonjwa mpya ulionekana Masisi. Majani yanakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizipasua ndani ni rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa maji ya manjano. Profesa Vigheri Ndungo, wa Université Catholique du Graben hapa Butembo, ni kati ya wale walioutambulisha kwa wataalamu wa dunia: ni mikrobe ile ile iliyokwisha kujulikana Ethiopia toka mwaka 1968. Wadudu wanaibeba kutoka ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Panga inaibeba pia. Na lile chipukizi la bure, kwa bahati mbaya, linaweza kuibeba pia, hata likionekana zima kabisa.

Hapo ndipo watu walianza kusikia habari ya migomba ya chupa. Njia yenyewe ni ya zamani: mwaka 1952 Wafaransa Morel na Martin walipata maua ya dalia yasiyo na virusi kwa kukata ncha ndogo sana ya ukuaji. Kwa mgomba wanafanya vilevile: ncha inasafishwa, inatiwa katika chupa yenye sukari, chumvi za madini na homoni, inazaa, inagawanywa, tena na tena, mpaka mamia. Kule Leuven, Ubelgiji, toka mwaka 1985 wanatunza ndizi za dunia ndani ya vichupa, aina zaidi ya 1.500 leo. Humo iko hata Yangambi Km 5, ya hapa Kongo.

Lakini tusidanganyane. Mche wa chupa ni safi, hauna kinga. Ukiupanda karibu na mgomba mgonjwa, ama ukitumia panga chafu, utakufa kama mwingine. Tena mwanzoni ni kama mtoto mchanga, unataka kivuli na maji. Na laboratwari inazidisha tu aina ile iliyoletewa. Ndizi ya bibi ambayo hakuna aliyeipeleka itapotea na jina lake.

Shamba la baba yangu tuliling'oa lote. Alipopanda miche safi na ikaanza kuzaa machipukizi, shemeji yake alikuja na panga mkononi, kama desturi. Baba alimkatalia. Wakaa karibu mwaka bila kusalimiana. Kisha baba akamwita, akapitisha panga yake mwenyewe katika moto mbele yake, akamkatia machipukizi matatu.