Peugeot 404 na Land Rover katika Njia ya Kusini

Asifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Sifa za gari nazo huanzia kiwandani, lakini huthibitishwa njiani. Katika miaka ya 1960 magari mawili yaligombea heshima Afrika Mashariki: Peugeot 404, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1960, na Land Rover ndefu ya Uingereza, ile ya inchi 109, ambayo toleo lake la pili lilianza mwaka 1958.

Kwa hesabu za karatasini, injini zao hazikupishana mno. Ya 404 ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,618 na nguvu za farasi 72. Ya Land Rover ya petroli ilikuwa na ujazo wa 2,286 na nguvu za farasi 77. Hata hivyo 404 ilipita kilomita 140 kwa saa, ilhali mwenzake ilihema kabla ya kufika 110. Sababu ni maumbile. 404 ilizidi tani moja kwa kilo chache tu, umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na springi zake za mviringo zilimeza mashimo. Land Rover ilikaribia tani moja na nusu, ikakalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Gia zake zilikusudiwa kuvuta, si kukimbia; ilikuwa na gia za ziada za mwendo wa taratibu, na dereva alipotaka, magurudumu yote manne yalivuta.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliivika 404 taji mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ilinyesha hata magari 7 tu kati ya 93 yakamaliza. La kwanza likawa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Basi tope nalo ililijua.

Lakini mashindano ni ya siku chache, na nyuma ya dereva wapo mafundi na vipuri. Mitwero, kaskazini ya mji wa Lindi, katika njia iendayo Mchinga na Kilwa, mvua ni ya miezi. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Ulipofurika, Kusini ilitengwa na Dar es Salaam. Katika udongo ule wa mfinyanzi, gari lenye kuvuta kwa magurudumu mawili lilizama, na kasi yake yote ikawa si kitu. Mwenye mgonjwa hakuuliza gari lakimbia kiasi gani. Aliuliza kama litafika.

Na Land Rover, aghalabu, ilikuwa mali ya serikali, hospitali au misheni. Mtu wa kawaida aliingojea, au alingojea kiangazi. Hapo ndipo ulipo uzito wa ulinganisho huu: injini mbili zilizokaribiana nguvu zilitenganishwa na barabara, na waliolipa gharama ya barabara mbovu ni wale wasiomiliki gari lolote.