Jembe Kabla ya Daftari: Hoja Kuhusu Ukaazi wa Mhamiaji Nchini Hispania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya daftari la wakazi la manispaa, linaloitwa padrón, katika maisha ya mhamiaji anayeishi na kufanya kazi Hispania. Yanatetea msimamo kwamba sheria inayomtambua mtu kwa kuwa anaishi mahali fulani ina utu zaidi kuliko ile inayomtambua kupitia kwa mwajiri wake. Hata hivyo, utu huo hukwama pale anwani inapogeuka kuwa mali ya mwenye nyumba.

Utangulizi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili usiotajwa sana. Jembe analopewa ni la nyumba ile. Anayelishika amekwisha kuhesabiwa katika kaya: atalima nao, atakula nao, na akiugua watamuuguza. Kazi na kuhesabiwa vinakwenda pamoja. Kwa kipimo hicho, swali la kumuuliza mwenyeji yeyote ni hili: unapompa mgeni jembe, unamhesabu pia?

Wasomaji wetu wengi wanalijua jibu la nchi za Ghuba. Chini ya mfumo wa kafala, uhalali wa mfanyakazi kuwapo nchini umefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Binti aliyetoka Mombasa au Tanga kwenda kufanya kazi za ndani akigombana na mwajiri, kibali cha kuishi nacho kinatikisika. Hispania inafuata njia nyingine, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa hapa.

Daftari la wakazi

Sheria namba 7 ya mwaka 1985 inayoweka misingi ya serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 1996, inamtaka kila anayeishi Hispania ajiandikishe katika manispaa anamoishi. Haisemi kila mwenye kibali. Inasema kila anayeishi. Sheria hiyohiyo inaeleza wazi kwamba kuandikishwa si ushahidi wa ukaazi halali. Daftari linathibitisha jambo moja tu: mtu huyu anaishi hapa.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mtu anakwenda ofisi ya manispaa siku aliyopangiwa, akiwa na pasi ya kusafiria na mkataba wa pango, au idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Anaondoka na karatasi moja yenye jina lake, namba ya pasi, mtaa, namba ya nyumba na tarehe aliyoandikishwa. Kwa karatasi hiyo anamwandikisha mtoto shule na kuomba kadi ya matibabu. Ile tarehe nayo, ambayo siku ya kwanza haionekani kuwa na maana yoyote, ndiyo itakayomwezesha baadaye kuthibitisha miaka aliyokaa.

Mtanzania ataikumbuka barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayoihitaji kwa kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu mahakamani. Hata hivyo, vitu hivi viwili havifanani kabisa. Mwenyekiti anaandika kwamba anakufahamu, na anaweza kukataa kwa sababu hakufahamu. Ofisa wa padrón haulizi tabia yako wala kibali chako. Mji wa Vic, Katalonia, ulipotaka mwanzoni mwa mwaka 2010 kuacha kuwaandikisha wasio na vibali, wanasheria wa serikali kuu walieleza kwamba manispaa haina mamlaka hayo, na mji ukarudi nyuma.

Kuota mizizi

Juu ya msingi huo umejengwa utaratibu unaoitwa arraigo, neno la Kihispania lenye maana ya kuota mizizi. Mtu aliyekwisha kuishi nchini kwa muda uliowekwa bila kibali anaweza kukiomba akiwa humohumo ndani, kwa kuonyesha kazi, masomo au uhusiano wake na jamii. Kwa miaka mingi arraigo ya kijamii ilidai miaka 3. Kanuni mpya za mwaka 2024, zilizoanza kutumika tarehe 20 Mei 2025, zimeipunguza hadi miaka 2.

Uzito wa daftari ulionekana zaidi mwaka 2005. Kuanzia tarehe 7 Februari hadi 7 Mei, serikali ya José Luis Rodríguez Zapatero iliwafungulia mlango wafanyakazi wasio na vibali. Pamoja na mkataba wa kazi, mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa ameandikishwa katika padrón kabla ya tarehe 8 Agosti 2004. Maombi karibu 690,000 yalipokewa, na zaidi ya 570,000 yakakubaliwa. Lakini wengi walikuwapo nchini tarehe hiyo bila kuandikishwa, hata ikabidi hati nyingine za umma, kama vile kadi ya matibabu, zikubaliwe kuziba pengo.

Anwani iliyogeuka bidhaa

Pengo hilo halijazibika mpaka leo. Katika mkoa wa Almería, vitalu nyumba vya plastiki vimefunika zaidi ya hekta 30,000, na mboga zake huilisha Ulaya wakati wa baridi. Wachumaji wengi wametoka Moroko, Mali na Senegali. Baadhi yao, karibu na mji wa Níjar, wanalala katika vibanda vilivyopigiliwa kwa mbao za kupakilia mizigo na kuezekwa kwa plastiki kuukuu ya vitalu vilevile. Maelekezo ya serikali kuu kwa manispaa yanasema hata kibanda ni makazi, na anayeishi humo aandikishwe. Katika utekelezaji, kibanda hakina mkataba wa pango wala namba mlangoni. Januari 2023 manispaa ya Níjar ilibomoa makazi ya El Walili, walimoishi mamia ya watu.

Mijini ugonjwa ni uleule kwa sura nyingine. Mwenye nyumba anapangisha chumba lakini anamkataza mpangaji kujiandikisha, na huko nje wako wanaouza anwani kwa fedha taslimu. Hapo kafili amerudi akiwa na jina jipya: aliyeshika anwani ameishika miaka ya mwenzake.

Pingamizi na jibu

Wapo wanaosema arraigo inamzawadia mvunja sheria. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa kweli utaratibu huu unamtaka mtu aishi kwanza bila ruhusa. Lakini linasahau upande mmoja wa mizani. Katika miaka hiyo 2 au 3, mhamiaji hakukaa bure. Nyanya alizochuma zimeuzwa na mzee aliyemwogesha ametunzwa. Aliyepokea jasho lake hawezi baadaye kudai kwamba hakumwona.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Haki zinazoegemea daftari hupunguzwa kwa amri: mwaka 2012 wasio na vibali waliondolewa katika matibabu ya kawaida, wakarudishwa mwaka 2018. Tangu mwaka 2003 polisi wanaruhusiwa kisheria kupata taarifa za padrón, na hofu ya jambo hilo huwazuia wengine kuandikishwa.

Hitimisho

Hispania imelitambua jambo ambalo kafala hailitambui, kwamba ukaaji wenyewe ni ushahidi. Kilichobaki ni kuutoa ushahidi huo mikononi mwa wenye nyumba: ofisa wa manispaa atembelee kibanda na kuandika anachokiona, pasipo kudai mkataba. Naye anayefunga safari kutoka kwetu ajue kwamba siku ya kuulizia anwani ni ile anayokubaliana kodi, kabla hajakabidhi senti.

Methali yetu ilimpa mgeni siku mbili za kupumzika kabla ya jembe. Almería humpa jembe siku ya kwanza, kisha humwambia asubiri miaka miwili ahesabiwe. Nyumba inayolimiwa na mtu ambaye haijamwandika ina deni naye tangu asubuhi ile ya kwanza.