Mihadhara ya Reith: Falsafa Hewani Tangu 1948

Mwaka 1948 BBC ilianzisha mihadhara ya kila mwaka redioni na kuipa jina la John Reith, mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, aliyeamini kwamba redio ina wajibu wa kuelimisha umma. Mwanafalsafa Bertrand Russell ndiye aliyefungua pazia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma, naye akauliza katika mihadhara sita: dola iwe na mamlaka kiasi gani juu ya mtu mmoja? Reith mwenyewe hakufurahishwa. Aliandika katika shajara yake kwamba Russell anakwenda mbio mno na sauti yake mbaya.

Kwa miaka mingi mhadhiri aliketi peke yake na maikrofoni, na kwa maoni yangu huo ulikuwa upungufu mkubwa. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, msomi Mwingereza Margery Perham, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo, alipima hesabu ya ukoloni wa Waingereza. Alisema mengi ya maana, lakini Waafrika walikuwa mada tu.

Mwaka 1979 ikafika zamu ya msomi wa siasa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Katika mhadhara wake wa mwisho alitoa hoja iliyowashtua wengi: Afrika nayo itafute uwezo wa nyuklia, ili mataifa makubwa yaingiwe na hofu na hatimaye wote waziteketeze silaha hizo. Mimi siikubali hoja hiyo, ila naiheshimu, kwa sababu inawalazimisha wenye mabomu waeleze kwa nini wao wanastahili kuyamiliki na wengine hawastahili.

Mwaka 1999 mwanasosholojia Anthony Giddens alizunguka London, Hong Kong, Delhi na Washington, akihojiwa na wasikilizaji ukumbini. Huo ndio mwendo uliomfikisha mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah mjini Accra mwaka 2016 kuzungumzia rangi. Alianza na Anton Wilhelm Amo, mtoto wa Axim, katika Ghana ya leo, aliyepelekwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18, akasoma hadi akafundisha falsafa Halle na Jena, zama ambazo Wazungu wengi walishaanza kudai kwamba mtu mweusi hana akili ya kufikiri hivyo. Appiah alipomaliza, watu wa Accra walishika maikrofoni na kumhoji, na maswali yao yakarushwa hewani pamoja na mhadhara.