Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Habari za Chawa wa Kichwa na Watoto wa Shule

I. Methali na neno lake

Methali hii yajulikana na kila msemaji wa Kiswahili, nasi walimu twaitumia mara nyingi tufundishapo habari za umoja na msaada. Walakini ni wachache watuliao kuitazama maana yake ya asili. Yamkini aliyeitamka kwanza alikuwa ameketi kivulini, na kichwa cha mtoto kimelala mapajani pake, akizifunua nywele kidogo kidogo. Ampatapo chawa humweka juu ya ukucha wa kidole gumba kimoja, akamponda kwa ukucha wa pili. Kidole kimoja hakiwezi kazi hiyo hata kidogo.

Si Waswahili peke yao wasemao hivyo. Wakikuyu wana methali iyo hiyo, na Washona wa Zimbabwe vilevile, ijapokuwa nchi zao ziko mbalimbali sana. Jina la mdudu mwenyewe nalo lafaa kuangaliwa. Wakikuyu humwita ndaa, Wanyarwanda na Washona humwita inda, na Wasotho wa kusini humwita nta. Mtu yeyote aliyezoea kulinganisha lugha za Kibantu ataona mara moja kwamba hili ni neno moja la kale, lililosafiri pamoja na makabila yalipotawanyika. Kiswahili kimeshika neno jingine, chawa, na neno hilo halikukaa kimya. Katika miaka hii ya karibuni watu wa mijini, hasa Tanzania, humwita chawa mtu ajibandikaye kwa tajiri au mkubwa, akimsifu mchana na usiku ili apate kula kwake. Mfano huo ni wa haki, kwa maana chawa naye hana shamba wala ghala, ila kichwa cha mwenziwe.

Bassi, katika makala haya nataka kueleza jinsi wanadamu walivyopambana na mdudu huyu tangu kale, hasa jinsi shule zilivyompokea. Jambo hili si dogo kwa mwalimu. Kwa sababu ya chawa watoto wengi wamefukuzwa darasani, nao walikuwa na kiu ya kusoma.

II. Mdudu mwenyewe

Chawa wa kichwa ni mdogo kama punje ya ufuta. Hana mabawa wala hawezi kuruka. Hutambaa tu, hata apite kutoka unywele mmoja hadi mwingine vichwa vikigusana. Chakula chake ni damu ya mtu, naye akitengwa na kichwa hufa kwa muda wa siku moja au mbili. Jike huishi yapata siku 30, akitaga mayai machache kila siku, nayo huyagandisha kwenye unywele karibu sana na ngozi kwa utomvu mgumu usiotoka kwa maji. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Maganda yake meupe hubaki yameshikamana na unywele, yakienda mbali na ngozi kadiri nywele ziotavyo. Kwa hiyo mwenye maganda hayo si lazima awe na chawa walio hai.

Tena yafaa tumtenge na ndugu yake, chawa wa mwili, akaaye katika mishono ya nguo. Mwaka wa 1909 Charles Nicolle, mganga Mfaransa katika mji wa Tunis, alionyesha kwamba chawa wa mwili ndiye aenezaye homa kali ya taifasi, iliyoua majeshi mengi wakati wa vita. Naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1928. Chawa wa kichwa huleta mwasho na vidonda vya kujikuna, lakini hana sifa ya kueneza ugonjwa huo. Watu wengi huwachanganya wawili hawa, na hofu iliyomstahili mmoja wakamtwika na mwingine.

Mwaka wa 2003 Mark Stoneking na wenzake katika mji wa Leipzig, Ujerumani, walichunguza urithi wa chawa wa nchi mbalimbali. Walikata shauri kwamba chawa wa mwili alitokana na chawa wa kichwa wanadamu walipoanza kuvaa nguo, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Waliona pia kwamba chawa wa Afrika wana namna nyingi kuliko wa nchi nyingine, dalili ya kwamba mdudu huyu alitoka barani kwetu pamoja na wanadamu. Kwa hiyo hakuna taifa liwezalo kumnyoshea jingine kidole na kusema, Ninyi ndio mliotuletea.

III. Kitana cha Lakishi

Katika kitabu cha Kutoka twasoma mavumbi ya Misri yaliyogeuka kuwa chawa, ingawa wako wafasiri wasemao kwamba neno lile la Kiebrania lamaanisha wadudu warukao kama usubi. Herodoto Myunani, aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, asimulia kwamba makuhani wa Misri walinyoa mwili mzima mara kwa mara, wasije wakaonekana na chawa wakati wa kuitumikia miungu yao.

Lakini ushuhuda mkubwa kupita yote umetoka Lakishi, mji ule tusomao habari zake katika kitabu cha Yoshua. Mwaka wa 2016 wachimbaji walikuta huko kitana kidogo cha pembe ya ndovu, urefu wake wapata sentimeta 3.5 tu. Upande mmoja kilikuwa na meno 6 manene ya kufungua nywele, na upande wa pili meno 14 membamba ya kutolea chawa na mayai. Mwaka wa 2022 Yosef Garfinkel na wenzake walitangaza kwamba juu yake yamechorwa maandishi ya Kikanaani, herufi 17 katika maneno 7, ya tangu yapata mwaka 1700 kabla ya Kristo. Maana yake ni dua, kwamba pembe hiyo ing'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Tena katikati ya meno yalikutwa mabaki ya chawa wenyewe.

Wasomaji na walifikiri jambo hili. Hiyo ndiyo sentensi kamili ya kale kuliko zote iliyopatikana hata sasa katika herufi za Wakanaani. Na kutoka kwa herufi hizo zilizaliwa herufi za Kiyunani na za Kilatini, na kwa njia nyingine herufi za Kiarabu. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini pia. Bassi, mwalimu aandikapo a, e, i, o, u ubaoni, anatumia urithi ambao sentensi yake ya kwanza tuijuayo haisemi habari za wafalme wala za vita, bali za chawa. Tena kitana kile kilikuwa cha pembe, kitu cha thamani, kwa maana ndovu hawakuwapo tena Kanaani siku zile. Aliyekuwa nacho hakuwa maskini. Ni bure kusema kwamba chawa ni alama ya umaskini au ya uchafu.

IV. Shule na mlango wake

Ajabu ni kwamba aibu hiyo ilizidi kukua shule zilipojaa watoto. Katika mji wa New York, Marekani, waganga walianza kuwakagua wanafunzi mwaka wa 1897. Kila aliyeonekana na macho mabaya, upele, choa au chawa alirudishwa nyumbani na karatasi mkononi. Wazazi wengi walikuwa wageni waliotoka Italia na mashariki ya Ulaya, wasioweza kusoma Kiingereza, wala fedha za mganga hawakuwa nazo. Karatasi ikatupwa. Mtoto akacheza barabarani na wenziwe baada ya masomo, akawaambukiza huko huko, kisha asirudi shuleni kwa majuma mengi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1902 watoto 10,567 walirudishwa kwa njia hiyo.

Ndipo Lillian Wald, mkuu wa nyumba ya wauguzi ya Henry Street, alipoiazima serikali ya mji muuguzi mmoja kwa mwezi mmoja wa kujaribu. Muuguzi huyo alikuwa Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada. Tarehe 1 Oktoba 1902 alianza kazi katika shule nne. Mtoto mwenye shida ndogo alimtibu pale pale shuleni, akamrudisha darasani. Mwenye shida kubwa alimfuata hata nyumbani, akamwonyesha mama kwa mikono yake jinsi ya kusafisha na kuchana, wala hakumkemea. Mwezi ulipokwisha, serikali ya mji ilijionea faida, ikaajiri wauguzi wengine. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1903 hesabu ya watoto waliorudishwa ilikuwa 1,101.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo kiini cha makala haya. Mji ulikuwa ule ule, na watu wake wale wale katika umaskini wao. Kilichobadilika ni kwamba kidole cha pili kilipatikana. Mwanzo shule ilitaka kumvunja chawa peke yake kwa kufunga mlango, haikuweza. Ilipoungana na mama mwenye kitana, iliweza.

Uingereza ilifuata njia ya sheria. Sheria ya mwaka wa 1907 iliamuru wanafunzi wakaguliwe na waganga. Sheria ya watoto ya mwaka wa 1908 iliwapa wakuu wa elimu ruhusa ya kuwaonya wazazi wamsafishe mtoto katika muda wa saa 24, wasipofanya asafishwe kwa amri. Miaka ikapita, taarifa zikaandikwa kwamba chawa wamepungua sana. Kumbe sivyo. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, watoto wa miji mikubwa walihamishwa mashambani, na wenyeji waliowapokea walipiga kelele kwa chawa waliowaona. Kenneth Mellanby alipochunguza upya, akatangaza mwaka wa 1941 kwamba katika miji ya viwanda karibu nusu ya wasichana walikuwa na chawa, hesabu kubwa kuliko zilizoandikwa katika taarifa za shule. Hapo twajifunza kwamba kukagua si kutibu, na ya kwamba aibu hufundisha watu kuficha.

V. Dawa na nguvu zake

Dawa zimekuwa nyingi. Wengine walipaka siki, wengine mafuta ya taa, na hayo ya taa ni hatari kubwa, kwa kuwa watoto wameungua kwayo. Mwaka wa 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu ya DDT juu ya wadudu, nayo ilitumika sana wakati wa vita na baadaye, mpaka chawa wakaizoea na madhara yake mengine yakajulikana.

Dawa moja yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki, nayo ni pareto. Maua yake meupe yalianza kulimwa katika nyanda za juu za Kenya karibu na mwaka wa 1930, na nchi hiyo ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa pareto kwa muda wa miaka mingi. Tanzania nayo huilima. Wadudu wengi hufa kwa unga wa maua hayo. Kwa kuiga nguvu zake Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permetrini mwaka wa 1973. Lakini katika nchi nyingi chawa wameizoea hiyo pia. Kwa hiyo leo waganga hutumia hata dimetikoni, mafuta yamfunikayo chawa hata afe, tena husifu kazi ile ya Lakishi: kulowesha nywele na kuzichana kwa kitana cha meno ya karibu karibu, kila baada ya siku chache, kwa muda wa majuma mawili, ili kila aanguliwaye apatikane kabla hajataga.

VI. Yatupasayo

Kwetu, shule nyingi za Kenya na Tanzania huwaagiza watoto wanyoe. Kichwa kilichonyolewa hakimfichi chawa, hilo ni kweli. Walakini kunyoa si dawa pekee. Mababu zetu walijua kusuka pia, na mikono ya msusi ipitapo kila pembe ya kichwa ndiyo ukaguzi ulio bora, wala mtoto haoni haya. Waganga wa Marekani wameona kwamba huko watoto wenye nywele za kipilipili hupata chawa mara chache kuliko wenziwao. Lakini mwalimu asijidanganye kwamba sisi hatuguswi. Mababu wasingaliacha methali juu ya mdudu wasiyemjua.

Chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka wa 2010, kikarudia mwaka wa 2022, kwamba mtoto mwenye afya asikoseshwe masomo kwa sababu ya chawa. Hoja yake ni nyepesi. Mtoto apatwaye mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya majuma 4 hadi 6. Bassi, siku mwalimu amwonapo akijikuna, amekwisha kukaa na wenziwe zaidi ya mwezi. Kumfukuza asubuhi hiyo kwaokoa nini? Amalize masomo yake, aende nyumbani jioni kwa saa yake, na dawa ianze usiku ule.

Lakini mama yake na aambiwe kwa siri na kwa upole, kama mtu amwambiavyo ndugu yake. Jina la mtoto lisitajwe mbele ya darasa, wala asiketishwe peke yake. Ndugu zake wote wa nyumba moja watazamwe siku ile ile, maana ukisafisha kichwa kimoja katika vitano hujafanya kazi. Baada ya siku 9 watazamwe tena. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kitana, maji, saburi, na mwalimu akubaliye kutembea mpaka mlango wa mzazi. Shule ni kidole kimoja, nyumba ni cha pili.