Piga Tizi Kama Uko Sherehe: Madarasa ya Mtandaoni Yenye Yanafaa Keja Yako, na Yale ya Kuruka

Sema ukweli: mara ya mwisho ulikimbia ilikuwa lini, ukitoa ile siku mat ilikuwa inakuacha stegi?

Mimi sikuwa hata nakumbuka. Halafu kukawa na kambi ya kupimwa bure mtaani, nikaingia laini juu sikuwa na kitu ya kufanya. Nesi akanifunga ile kitambaa ya presha kwa mkono, akaangalia namba, akanicheki usoni, akarudia kupima. "Una miaka mingapi?" Nikamwambia 28. Akasema, "Kijana, anza kusonga mwili. Na chumvi upunguze."

Gym ilikuwa imenishinda bei. Kukimbia barabarani usiku nikitoka job, huku kwetu hiyo ni kujitafutia balaa. Ikabaki keja: bedsita, ghorofa ya tatu, kitanda kimekula nusu ya nafasi. Video za kawaida za mazoezi nilijaribu siku mbili nikaboeka. Hakuna kitu refu kama dakika moja ya kuhesabu skwoti na mtu anakupigia kelele kwa simu.

Kenye kilinishika ni madarasa ya kudensi yenye yanatoka kwa sherehe za watu: Carnival, Vaisakhi, Navratri, harusi za kwetu. Nimeyajaribu kwa wiki sita. Hii hapa ripoti, ndio wewe usipoteze bando na magoti yako.

Haya madarasa ni ya aina gani?

Kuna tatu. Kuna video za bure zenye unacheza wakati wowote. Kuna za kulipia kila mwezi kwa programu ya simu. Halafu kuna za laivu, mwalimu akiwa kwa skrini na nyinyi mko kwenu, saa ikifika unaingia.

Hii biashara ya kugeuza densi kuwa tizi si ya jana. Zumba, yenye unaisikia kila kona, ilianza miaka ya 1990 huko Cali, Kolombia. Mwalimu wa aerobiki, Alberto "Beto" Pérez, alifika darasani akiwa amesahau kanda zake za mziki. Akaweka salsa na merenge zenye alikuwa nazo, watu wakajibamba, na ndio hiyo ikawa Zumba. Kampuni yenyewe ilianzishwa Marekani mwaka wa 2001.

Vile nilipima

Maswali manne, kila moja alama 5.

*Densi:* mwalimu anafunza densi ya hiyo sherehe, ama amebandika tu ngoma juu ya mazoezi ya kawaida?

*Jasho:* hapa tumia kipimo cha mdomo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni kazi ya wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuhema, hiyo ni kazi ngumu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, ama 75 hadi 150 za ngumu, na siku mbili za kujenga misuli. Dakika 30 mara tano kwa wiki, umemaliza deni.

*Nafasi:* inatosha kati ya kitanda na meko?

*Jirani:* wa chini atakuja kugonga mlango?

1. Zumba

Cali ni mji wa salsa, na kila mwaka kuanzia tarehe 25 hadi 30 Desemba kuna sherehe kubwa inaitwa Feria de Cali. Ukicheza Zumba na mwalimu mzuri unasikia hiyo damu: salsa, merenge, kumbia, regeton, kila ngoma na stepu zake.

Shida ni kuwa stepu nyingi zinaenda kulia na kushoto kwa hatua refu. Kwa ukumbi ni tamu. Kwa bedsita, hatua ya tatu uko juu ya jiko. Fupisha hatua, ongeza kiuno, itaenda.

Densi 4. Jasho 4. Nafasi 2. Jirani 3.

2. Soka ya Carnival

Usichanganye na mpira. Hii soka ni mziki wa Trinidad ulioanza miaka ya 1970, na mtu anapewa heshima ya kuuanzisha ni Lord Shorty, aliyechanganya kalipso na midundo ya Wahindi wa huko. Carnival yenyewe ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. London wako na yao pia, Notting Hill, kila Agosti.

Soka iko mbili. Ile ya polepole ni ya kiuno. Ile ya nguvu ya kutembea na barabara inafika mapigo 160 kwa dakika, na mwalimu anataka uruke ukipeperusha kitambaa. Mimi kwa ujinga nilianza na ya nguvu. Dakika ya saba, mlango ukagongwa. Ni keateka: "Boss, mama wa chini anasema taa yake inatingika. Kwani unahama?"

Siku hiyo ndio nilijifunza kubadilisha kuruka na kupiga kwata hapo hapo, magoti juu, kisigino kinashuka polepole. Jasho ni lile lile. Kama uko ghorofani, chukua ya polepole kwanza. Hii darasa inaponya mtu ametoka kazi akiwa na stresi.

Densi 5. Jasho 5. Nafasi 4. Jirani 1.

3. Bhangra, garba, na ile sufuria ya "Bollywood"

Hapa ndio watu wanachezwa. Ukitafuta tizi ya Diwali utapata video imejaa mataa, na ndani wamechanganya kila kitu.

Bhangra ni ya Punjab, na ni densi ya mavuno, inaenda na Vaisakhi katikati ya Aprili. Inapigwa na ngoma kubwa inaitwa dhol. Mikono iko juu karibu wakati wote, mabega yanaruka, mguu mmoja hewani. Ukidhani ni rahisi, shikilia mikono juu ya kichwa dakika tatu, halafu uniambie. Marekani, Sarina Jain aliigeuza kuwa darasa la mazoezi mwaka wa 1999, akaliita Masala Bhangra. Na kama ulikuwa mtandaoni enzi za Corona, ulimwona Gurdeep Pandher akicheza bhangra juu ya ziwa limeganda barafu huko Yukon, Kanada. Yule jamaa peke yake angefanya mtu aamke kitandani.

Garba nayo ni ya Gujarat, ya Navratri, zile usiku tisa zinatangulia Diwali. Watu wanazunguka duara wakipiga makofi na kugeuka. UNESCO iliiweka kwa orodha yake ya urithi mwaka wa 2023. Wagujarati na Wapunjabi wamekuwa Kenya kabla babu yako azaliwe, wengine tangu reli ijengwe kati ya 1896 na 1901, so hii si densi ya mbali. Ukiishi karibu na Parklands ama Ngara umeisikia ikipita dirishani.

Mwalimu mzuri anakuambia: sasa hii ni bhangra, stepu hii inaitwa hivi, mkono unaenda hapa kwa sababu hii. Yule mbaya anakuwekea ngoma ya filamu na anakurusha jampinjeki. Kwa keja, garba ndio bingwa: unageuka mahali pamoja, miguu iko chini, na dakika 20 zikiisha fulana imelowa.

Bhangra: Densi 5. Jasho 5. Nafasi 4. Jirani 2.
Garba: Densi 5. Jasho 3. Nafasi 5. Jirani 5.

4. Za Kiafrika

Kuna Kukuwa, iliyoanzishwa na Kukuwa Kyereboah-Nuamah, mama mzaliwa wa Ghana anayeishi Marekani. Iko na video za bure YouTube, na kitu napenda ni vile hawakukimbizi. Hata mathe wako anaweza kufuata, na hapo namaanisha mpigie simu mfanye pamoja.

Amapiano ya Sauzi inakaa karibu mapigo 112 kwa dakika. Inaonekana ya upole, lakini magoti yanabaki yamekunjwa ngoma nzima, na kesho yake ngazi zitakukumbusha. Ndombolo ya Kongo ni kiuno mwanzo mwisho, na wazazi wako wataijua kukuliko. Na kama bado unakumbuka stepu za Jerusalema, zenye kundi la Fenómenos do Semba kutoka Angola lilianzisha 2020, tayari uko na ya kupasha mwili moto.

Onyo moja: ukiona video imeandikwa tu "densi ya Afrika" na hawasemi ni ya nchi gani ama sherehe gani, mara nyingi ni ile ya kubandika. Afrika si kijiji moja.

Kukuwa: Densi 4. Jasho 3. Nafasi 4. Jirani 5.

5. Za kuruka kabisa

Zile za Krismasi zenye mwalimu amevaa kofia nyekundu, nyimbo za Krismasi zinacheza, na chini yake ni skwoti na pushapu zile zile. Si mbaya kwa mwili, lakini sherehe iko kwa kofia tu. Utaboeka siku ya pili kama mimi. Densi 0, na hiyo ni kumpendelea.

Na zetu ziko wapi?

Hii ndio iliniuma. Nimepata mtu wa kunifunza kila stepu ya Punjab. Nilipotafuta darasa la isukuti nikapata klipu za harusi na za siasa, watu wanacheza fiti, lakini hakuna mtu anasema "weka mguu hapa." Na isukuti, densi ya Waisukha na Waidakho, iko kwa orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka tangu 2014. Wanaoijua wanazeeka, na sisi wenye tungeichukua tuko hapa tunajifunza salsa.

So nikampigia senje yangu Kakamega video. Alicheka mpaka akaweka simu chini. Halafu akanifunza. "Wewe unacheza na shingo. Shingo iwache! Ni mabega." Dakika nne za mabega na nilikuwa nimekaa chini nahema. Yeye ako na miaka 61 na alikuwa bado anaongea.

Hii hapa dakika 20 zenye nilijitengenezea. Ngoma zenyewe utazipata bure mtandaoni:

- Dakika 3, mwomboko. Densi ya Wakikuyu ya akodioni na karing'aring'a. Hatua mbili, kunja magoti, rudia. Inachezwa wawili wawili, lakini mto wa kitanda haulalamiki.
- Dakika 5, chakacha. Ya harusi za wanawake wa Pwani. Funga leso kiunoni ndio uone kama kiuno kinafanya kazi. Miguu iko chini, jirani analala.
- Dakika 6, isukuti. Dakika moja ya mabega, dakika moja ya kutembea hapo hapo, mara tatu.
- Dakika 3, chaguo lako. Ohangla, gengetone, ndombolo, chochote kinakuinua.
- Dakika 3, kushuka. Pumua, nyoosha mapaja, mgongo na mabega.

Densi 5. Jasho 4. Nafasi 5. Jirani 4.

Bando, doo na magoti

Video ya nusu saa kwa 480p inaweza kula karibu MB 300. Shusha hadi 240p. Huitaji kuona jasho la mwalimu, unataka tu kuona miguu. Ukishajua stepu, cheza ngoma peke yake bila video.

Ukilipia darasa la laivu, uliza kwanza kama rekodi inabaki. Sauti ikichelewa kwa netiwaki mbaya, stepu zako na za mwalimu hazitawahi kutana. Na usishangae video ya bure ikizimwa sauti: hiyo ni mambo ya haki za mziki. Weka ngoma yako ya mwendo kama huo, uendelee.

Vaa raba hata kama uko kwa nyumba, sakafu ya simiti haina huruma na magoti. Kama uko na presha, pumu ama ujauzito, ongea na daktari kabla ya soka ya mapigo 160. Kifua kikikubana ama kizunguzungu kikikushika, simama. Usijifanye ngangari.

Neno la mwisho

Kama unaanza leo: garba ama Kukuwa wiki mbili za kwanza, bhangra ukishapata pumzi, soka siku jirani ameenda ocha. Na kila wiki, angalau mara moja, ya kwenu. Kama hujui, uko na mtu kwa simu yako anajua. Mpigie kabla hajazeeka kuruka.

Mimi nilirudi kupimwa wiki iliyopita. Namba imeshuka kidogo. Nesi hakunisifu sana, alisema kipimo kimoja hakitoshi, nirudi mwezi ujao. Sawa. Leo jioni ni isukuti, na senje ameshanitumia meseji: nikicheza na shingo tena, anakata simu.